Hodi ya Barafuni

Watu wa mtaa wa Dengfeng, hapa Guangzhou, China, wana uhodari mmoja: wanaijua kazi ya kila mtu. Huyu anauza simu, yule anabadilisha hela, mama wa ghorofa ya pili anapika pilau, na yule kaka anayeshinda mlangoni na kibegi cha kiunoni hana kazi, ila anamjua kila mwenye kazi. Simiyu peke yake ndiye aliyewashinda. Walimwona akikatiza barabara ya Huanshi Zhonglu jua likiwa utosini, pande la mtu kutoka Bungoma, begani begi refu ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani, mkononi gongo lililopinda mwishoni. Wengine walisema ni fundi wa mabomba. Jovitus, muuza simu wa pale kona, alishikilia kwamba shemeji yake huyo ni mlinzi wa benki, maana mtu hawezi kupata makovu yote yale usoni kwa kazi ya amani.

Ukweli ni kwamba Simiyu anacheza hoki ya barafuni. Analipwa kuicheza, na ndiyo iliyomlisha karibu utu uzima wake wote. Ukitaka kucheka, cheka umalize. Waluhya wenzake walicheka kabla yako. Mama mkwe wake kule Bukoba, anayewalelea binti yao Eva, hadi leo huwaambia majirani kwamba mkwewe yuko kwenye mambo ya barafu, na majirani huuliza kama anauza samaki au lambalamba.

Alianzia Nairobi, na skeiti za magurudumu, kwenye maegesho ya magari ambayo Jumapili huwa matupu. Barafu yake ya kwanza aliikanyaga ndani ya hoteli moja, kiwanja kidogo kiasi kwamba ukishika kasi tu, ukuta unakusalimu. Alisalimiwa sana. Na Guangzhou hakuja kutafuta barafu. Alikuja na Mutiso, mfanyabiashara wa viatu, kumsaidia kubeba mizigo. Siku moja Mutiso alikuwa akipumzisha miguu ndani ya jumba la maduka, Simiyu akachungulia chini, akaona watu wanateleza na magongo na timu moja imepungukiwa na mtu. Akashuka. Kichina chake kilikuwa cha bei na kukataa bei. Alijigusa kifuani, akaonyesha barafu, wakampa viatu vya makali vilivyombana vidole. Mutiso alibeba mizigo yake mwenyewe siku ile, na hajaacha kulalamika.

Tangu hapo Simiyu akawa mchezaji wa kuazimwa. Huku kusini kuna ligi ndogo ya matajiri wapenda mchezo. Mwenye kiwanda cha vigae Foshan ana timu, mwenye maghala Zhuhai ana timu, na wote hukodi wachezaji msimu kwa msimu kama watu wanavyokodi kumbi za harusi. Msimu ukiisha, kwaheri ya kuonana. Mwaka huu Shenzhen, mwaka ujao Zhuhai, mwaka wa tatu hakuna anayepiga simu, halafu Foshan. Jezi alizopewa zilikuwa na majina ya watu walioondoka, yamezibwa kwa plasta nyeupe, na akitoka jasho plasta inabanduka na watazamaji wanamshangilia kwa jina la mtu mwingine.

Nyota hakuwa. Nyota ni wale wa mbele, wanaofunga na kupigwa picha. Simiyu ni beki, na kazi ya beki ni kwenda kusimama pale pale ambapo kile kisahani cha mpira mgumu wanachokigombania kinataka kupita. Kikimkuta mdomo wazi, shauri yake. Kilimvunja meno mawili Zhuhai. Aliyatema, akaendelea, na akiulizwa husema nyama inaliwa na meno ya nyuma. Hajawahi kuchelewa mazoezi. Hajawahi kugombana na refa. Wafagiaji wa kila uwanja anawajua kwa majina, na wao humwekea kiti karibu na feni. Wapo watu wanaosifiwa kwa kuwa bahati imewapenda, na ni haki yao. Lakini mtu ambaye bahati haijawahi hata kumuuliza anaitwa nani, na bado anaamka kufunga kamba za viatu vyake kwa umakini ule ule, huyo naye apewe chake.

Katika kuhamahama huko alipata mtu mmoja. Guan alitoka Qiqihar, kaskazini ya mbali, ambako watoto hufundishwa kuteleza kabla ya kusoma. Kila mtu alimwita Lao Guan, kama sisi tunavyosema mzee Fulani, na kwa mchezo ule alikuwa mzee kweli. Huko Shenzhen walipangwa ulinzi pamoja, na tangu hapo kila tajiri aliyemtaka mmoja aliwachukua wote wawili, kama mtu anunuavyo viatu. Lugha ya kuongea hawakuwa nayo. Waliongea kwa magongo.

Kila mchezaji wa hoki hugonga barafu kwa gongo lake akiomba pasi. Lao Guan aliwahi kuvunjika kifundo cha mkono, kwa hiyo aligonga kwa namna yake: la kwanza zito, la pili jepesi na limechelewa kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi na goti bovu. Simiyu alimfundisha neno moja la Kiswahili kwa ajili ya mlio huo. Walikuwa mgahawani, akagonga meza mara mbili.

"Hodi," akamwambia. Kisha akajigusa kifuani. "Mimi nasema, karibu."

Lao Guan alilipenda neno hilo hata akawa anagonga mlango wa choo akisema hodi. Na uwanjani, tangu siku ile, Simiyu hakuhitaji kuangalia. Akisikia hodi, anafungua. Misimu ilipita hivyo, timu kwa timu, rangi kwa rangi.

Msimu uliopita walikuwa Foshan, kwa jezi nyekundu za tajiri wa vigae. Ulipokwisha, tajiri alimbakiza Lao Guan, akamwacha Simiyu, akasema magoti yake yamechoka. Magoti ya Lao Guan yalikuwa yamechoka zaidi, lakini hayakuhitaji kibali cha kuishi nchini. Wale wawili walikula supu pamoja, wakaagana, wala hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Aliyemwokoa ni mkewe. Careen ananunua jinzi kwenye viwanda vya mji wa Xintang na kuzipakia kwenye kontena kwenda Mwanza na Bukoba, na mmoja wa wenye viwanda anaonunua kwao ni Liang, ambaye yeye humwita Laoban Liang, yaani bosi, kama wanavyoitwa wenye mali wote mjini hapa. Mwaka ule Laoban Liang alianzisha timu yake, jezi za buluu kama jinzi zake. Careen hakuzunguka mbuyu. Alimwambia: wewe una timu, mimi nina mume. Ndivyo Simiyu alivyopata kazi, na siku ya kwanza akakabidhiwa jezi ambayo mafundi wa kiwanda walikuwa wameishona mgongoni kwa uzi ule wa rangi ya chungwa wa mifuko ya jinzi: SIMIYU. Hakuna plasta. Aliitandika kitandani akaiangalia muda mrefu.

Kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya jezi. Laoban Liang alikuwa anafungua shule ya watoto ya kuteleza, huko Zengcheng, kwenye jumba jipya la maduka, na alimwahidi Simiyu kuwa mwalimu wake msimu ukimalizika vizuri. Kwa kazi hiyo Simiyu angekuwa na kibali cha kukaa. Bila kazi hiyo, msimu ukiisha na kibali kinaisha, yeye anapanda ndege ya Nairobi na Careen anabaki na duka lake Dengfeng. Na kwa umri wake hakuna tajiri mwingine ambaye angemwazima tena. Wote wawili walilijua hilo, wakawa wanalipita kimya kimya kama watu wapitavyo mbwa aliyelala.

Buluu wakafika fainali, mechi mbili, wenyeji na wageni. Wapinzani wao, Foshan.

Mechi ya kwanza ilichezwa Foshan, Jumamosi mchana. Careen aliwakokota watu wa Dengfeng waje waone kwa macho yao kazi ya mumewe. Walikuja wamevaa makoti mazito waliyokuwa wamenunua kwa ajili ya kuuza, lebo za bei zikining'inia mikononi, Jovitus mbele yao. Dakika za mwanzo walicheka. Baadaye waliacha kucheka, maana Simiyu alimzuia mtu wa mbele wa Foshan kwa namna ambayo hata asiyejua mchezo aliona kwamba pale kuna ukuta.

"Dada Careen," Jovitus alisema, "shemeji ni mashine."

Mechi ilikuwa sare hadi mwishoni. Simiyu alikuwa nyuma ya goli lake mwenyewe, kisahani kwenye gongo, wekundu wawili wamembana ukutani, kichwa kimeinama, haoni kitu ila barafu na miguu. Katikati ya makelele yote akasikia: la kwanza zito, la pili jepesi. Mkono ulijibu kabla ya kichwa. Akakipenyeza kisahani mbele ya goli lake, katikati ya miguu ya watu, pasi nzuri kuliko zote alizotoa siku ile.

Lao Guan alikuwa amesimama pale, peke yake, na jezi nyekundu. Naye hakufikiri. Kisahani kikija mbele ya goli, mtu anapiga. Alipiga, kikaingia, na uwanja mzima ukalipuka. Lao Guan hakuinua mikono. Alisimama akimtazama Simiyu mdomo wazi, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu akidhani ni kwake.

Buluu walifungwa kwa bao hilo.

Laoban Liang aliingia chumba cha kuvalia na viatu vyake vya ngozi. Hakupaza sauti. Alisimama mbele ya Simiyu akauliza maneno ambayo kila mgeni wa Guangzhou hujifunza kabla ya mengine yote, maneno ambayo Simiyu mwenyewe ameyasema juu ya jinzi na viatu na machungwa:

"Duoshao qian?"

Bei gani. Simiyu alidhani hakuelewa. Alielewa vizuri sana.

"Nimekosea, Laoban. Sikuuza mechi."

"Pasi mbaya ningeielewa," Liang alisema. "Ile ilikuwa nzuri mno. Mtu hakosei vizuri namna ile."

Ilikuwa kweli, na Simiyu alijua. Alivua jezi, akaikunja jina likiwa juu, akaiweka kwenye benchi, akatoka na fulana iliyolowa jasho. Aliumia. Meno mawili hayakumuuma vile.

Huko Dengfeng habari ilifika kabla yake. Watu wale wale waliokuwa hawaijui kazi yake sasa waliijua hadi rushwa yake. Jovitus alipoulizwa alisema yeye hajui, ila kwa macho yake ameona mtu akimpa adui, na moto hufuata moshi, akakosea hata methali yenyewe. Wengine walianza hata kumwonea Careen huruma, jambo ambalo Careen halivumilii.

Alimkuta mumewe nyumbani anapanga nguo ndani ya begi refu.

"Unaenda wapi, Baba Eva?"

"Nyumbani. Wacha nijitoe mapema, Mama Eva. Sitaki kungoja kufukuzwa kama kuku."

"Kaa chini. Niambie, ulimpa kwa nini?"

Akamwambia. Gongo la Lao Guan, zito, jepesi, hodi na karibu, misimu yote ile. Careen alisikiliza mkono shavuni.

"Kwa hiyo alipiga hodi, na wewe ukafungua."

"Nikafungua."

"Alikutega?"

"Sidhani. Maze, ungeona uso wake. Hata yeye alisahau."

Careen aliinuka, akazitoa nguo begini moja moja, akazirudisha kabatini. Asubuhi alipanda basi la Xintang.

Xintang kuna desturi ambayo kila mnunuzi wa jinzi anaijua. Jinzi ikishukiwa kuchuja, hakuna kubishana. Unalowesha kitambaa cheupe, unasugua mbele ya mwenye mali, na kitambaa ndicho kinachosema. Wenye viwanda hawapendi, lakini hawakatai, maana anayekataa kusuguliwa amejibu. Careen amemsugulia Laoban Liang jinzi zake kwa miaka, na mara mbili tatu amezirudisha.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa chai aliyomiminiwa, akasema:

"Laoban, siku zote mimi nakusugulia mali yako mbele ya macho yako, na hujanikataza. Leo mwenye mali ni mimi. Msugue mume wangu."

Liang aliuliza mtu anasuguliwaje. Careen akamweleza habari ya lile gongo. "Kwetu," alimalizia, "mtu akipiga hodi hatuulizi kwanza amevaa shati gani. Mlete mzee yule, mgeuze mume wangu awape mgongo, wagonge wote. Kama ni uongo, utaona rangi inavyotoka."

Laoban Liang aliongeza chai. Kwa wanaomfahamu, hapo ameshakubali.

Ilibaki Lao Guan. Yeye alikuwa mchezaji wa Foshan, na mechi ya pili inakuja. Kwenda uwanjani kwa wapinzani kumtetea mtu wao kungemtia kwenye midomo ya watu, na pengine kumkosesha msimu wake wa mwisho. Simiyu alikataa kumwomba. Careen alimwekea simu sikioni ikiwa imeshaanza kuita. Ilipopokelewa, Simiyu alikosa pa kuanzia, akasema lile neno moja tu.

"Hodi."

Habari ya ile pasi ilikuwa imeshafika hadi Foshan.

"Nije siku gani?" Lao Guan akauliza.

Alikuja asubuhi, kwa treni, gongo lake limefungwa mfuko wa plastiki kama mtu anayerudi sokoni na miwa. Mbele ya Laoban Liang na wachezaji wote wa buluu alisimama wima, akasema Kichina chake cha kaskazini taratibu ili hata Simiyu amfuate.

"Mimi ndiye niliyegonga. Sikumtega. Nilimwona amebanwa, nikagonga kama nilivyomgongea miaka yote. Nilisahau nimevaa nini."

Mtu wa Qiqihar, aliyezaliwa kwenye barafu, kukiri mbele ya vijana kwamba amesahau jezi yake, si jambo dogo. Masikio yake yalikuwa mekundu. Liang alisema maneno ni maneno, akaamuru kazi ianze.

Wakamweka Simiyu mbele ya goli, mgongo kwa uwanja, taulo limefunika kofia yake, visahani vimepangwa karibu na gongo lake. Wachezaji wakatawanyika nyuma yake. Akagonga mmoja. Simiyu hakutikisika. Akagonga wa pili, akagonga wa tatu, kimya. Kisha kutoka kona ya mbali: zito, jepesi. Simiyu aligeuza kifundo tu, kisahani kikateleza kinyumenyume, kikatua kwenye gongo la Lao Guan. Wakabadilishana nafasi. Kikamfikia tena. Wakabadilishana tena.

Laoban Liang ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hasugui upande mmoja. Akamnong'oneza nahodha, na nahodha akaigiza: zito, jepesi, limechelewa kidogo. Mkono wa Simiyu ulianza kwenda, ukasita, ukarudi.

"Huyo siyo mwenyewe," alisema chini ya taulo.

Vijana walicheka. Liang hakucheka. Aliingia mwenyewe kwenye barafu na viatu vyake vya ngozi, akishikwa mkono huku na huku, akalichukua gongo lenyewe la Lao Guan, akagonga. Hakuna kitu. Akamrudishia Lao Guan, na Lao Guan alipogonga, kisahani kilipita kando ya kiatu cha bosi kwenda kwa aliyebisha.

"Rangi haitoki," Laoban Liang alisema hatimaye, na Careen kule ukingoni akashusha pumzi. Lakini bosi hakuwa amemaliza. "Hiyo ndiyo shida yangu. Jumamosi mzee huyu atavaa nyekundu. Akigonga, utampa?"

Simiyu alitoa taulo usoni. Careen alijua jibu linalotakiwa. Kila mtu pale alilijua, lilikuwa neno moja tu.

"Sijui, Laoban," Simiyu alisema. "Nitajitahidi. Lakini sijui."

Careen alifumba macho. Liang alimtazama mtu yule kwa muda, kama anavyotazama mshono.

"Mwizi angeniambia hapana," alisema. Akaagiza jezi iletwe. "Utacheza. Lakini sikia. Ukimpa tena, hata kwa bahati mbaya, siwezi kukuweka mbele ya watoto wa watu. Shule itatafuta mwingine."

Simiyu akaipokea jezi kwa mikono miwili.

Jumamosi uwanja wa nyumbani ulijaa. Dengfeng nzima ilikuja tena, safari hii bila makoti ya kuuza, na Jovitus alikaa mbali na Careen kwa sababu anajua alichosema. Buluu walihitaji kushinda kwa mabao mawili. Simiyu hakuogopa kisahani wala watu. Aliogopa sikio lake mwenyewe. Kila alipobanwa alikuwa akiingoja ile sauti kama mtu anayengoja kuitwa kizimbani.

Haikuja. Kipindi cha kwanza haikuja, akadhani ni bahati. Kipindi cha pili akasikia kitu kingine: sauti ya mtu mzima ikipiga kelele uwanjani, hei, hei, huku, kama kondakta anayeita abiria. Alikuwa Lao Guan. Aliomba pasi kwa mdomo. Vijana wake walimcheka, kocha wake akamfokea agonge kama watu wote, naye akaendelea kuita hadi sauti ikakauka. Gongo lake lilikuwa chini barafuni muda wote, kazini, na halikugonga hata mara moja.

Simiyu alielewa. Mtu wa umri ule alikuwa amekubali kuonekana mshamba katika mechi ya mwisho ya maisha yake, ili rafiki yake asikie kimya. Asidhani mtu kwamba alimwachia mchezo. Muda mfupi baadaye alimkumba Simiyu ukutani kwa bega hata kioo kikalia, akamfuata tena akamkumba mara ya pili. Simiyu akamrudishia. Walichezeana kwa heshima yote ambayo wachezaji wa hoki huonyeshana, yaani bila huruma.

Buluu wakapata la kwanza, wakapata la pili. Mwisho kabisa Foshan wakaja wote, kisahani kikamfikia Lao Guan, akavuta gongo nyuma na kupiga kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Simiyu alikwenda kusimama pale pale kilipotaka kupita. Kilimpata mbavuni, akaanguka juu yake, na alikuwa bado amekilalia filimbi ilipolia. Kule juu Jovitus alikuwa amesimama kwenye kiti akiwaambia watu asiowajua kwamba yule ni shemeji yake.

Timu zilipeana mikono. Laoban Liang alikuja hadi ukingoni, akamwambia Simiyu kwamba watoto wanaanza Jumatatu, na aje na jezi ile ile ili walione jina la mwalimu wao. Simiyu aliitikia akiwa ameshika mbavu. Careen alikuwa analia na kuwaambia watu ni baridi.

Watu walikuwa wanaanza kuinuka. Lao Guan alikuwa amefika mlango wa kutokea, upande wa pili wa uwanja, mgongo kwa wote, mguu mmoja umeshapanda mkeka wa nje. Akasimama. Akaurudisha mguu kwenye barafu. Halafu akagonga: la kwanza zito, la pili jepesi.

Simiyu hakuangalia. Kisahani cha mechi kilikuwa bado miguuni pake. Alikisukuma, kikavuka uwanja mzima, kikapita kati ya wekundu na buluu walioacha kuongea, kikatua kwenye gongo la Lao Guan. Laoban Liang aliona, Jovitus aliona, uwanja wote uliona beki wa buluu akimpa mtu wa nyekundu. Hakuna aliyeuliza bei.